Ile pumzi ya shangazi

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia Jumamosi. Umeuliza: kama mapafu ya shangazi yalikuwa mazima, mbona alikuwa akihema vile? Swali hilo nililala nalo wodini, kwa hiyo acha nikueleze nilivyoelewa.

Ulimwona mwenyewe siku ile. Pumzi ndefu, nzito, zinafuatana bila kituo kama za mtu aliyetoka mbioni, kumbe yuko kitandani. Midomo imekauka, na pumzi yenyewe inanukia kama tunda lililoiva mno. Mimi nimekaa kichwani pake namsihi, "Pumua taratibu, shangazi." Laiti ningejua nilichokuwa namwomba!

Damu inatakiwa iwe na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, kati ya 7.35 na 7.45. Nafasi yenyewe ni finyu, na seli zetu zinazalisha asidi usiku na mchana. Sehemu kubwa inatokana na kabonidayoksaidi, ambayo ikichanganyika na maji ya damu inakuwa asidi ya kaboniki. Hiyo inatoka nje kupitia mapafu: kila tunapotoa pumzi tunatoa asidi. Miaka yote nimepumua nikidhani ni habari ya oksijeni tu.

Ya shangazi ilianzia kwingine. Alipopata homa na kukosa hamu ya kula, aliacha sindano zake za kisukari, zile za insulini, akiamini kwamba asiyekula hazihitaji. Bila insulini, ini likawa linageuza mafuta kuwa ketoni, na ketoni hizo nyingi ni asidi. Bikaboneti iliyomo ndani ya damu ikazikabili papo hapo: inainasa haidrojeni ya asidi, kisha vinageuka kuwa maji na kabonidayoksaidi. Lakini bikaboneti ni akiba, na akiba huisha. Kwa kawaida ni kama milimoli 24 kwa lita. Yake ilikuwa imebaki 6.

Vihisio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo vikaupasha ubongo habari, nao ukayaamuru mapafu yapige kazi. Ndiyo ile pumzi. Daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliieleza kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Sasa hapa ndipo nilipotokwa na machozi. Daktari wa zamu alinionyesha karatasi ya vipimo. Kabonidayoksaidi ya shangazi ilikuwa 17, wakati kawaida ni 40. pH ilikuwa 7.17. Akachukua kalamu, akapiga hesabu pembeni mwa karatasi: kwa bikaboneti ile ile ya 6, kama angekuwa anapumua kama mimi na wewe na kabonidayoksaidi ikabaki 40, pH ingekuwa 6.8. Kwa kiwango hicho maisha yanakuwa hatarini sana. Na mimi nilikuwa namwambia apumue taratibu.

Alitundikiwa dripu, akapewa insulini, na potasiamu yake ikapimwa kila baada ya saa chache kwa sababu insulini huiingiza ndani ya seli na ikishuka mno moyo unavurugika. Ketoni zilipoanza kupungua, alfajiri ya siku ya pili nilimhesabia kwa saa yangu: pumzi 18 kwa dakika, fupi, za kawaida. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kufurahia kumwona mtu anapumua kidogo.

Figo nazo zilikuwa kazini, ila figo haziendi haraka. Kila siku zinachuja zaidi ya milimoli 4,000 za bikaboneti na kuzirudisha karibu zote kwenye damu, asidi zinaitoa kwa mkojo, nyingi ikiwa imebebwa na amonia, na hapo zinatengeneza bikaboneti mpya. Mapafu hujibu ndani ya dakika. Figo huchukua siku kadhaa kufikia nguvu zao kamili. Ndiyo maana aliporudi nyumbani bado alikuwa mchovu, na wala usishangae kwamba anaishiwa nguvu jioni.

Nimemwandikia kwa herufi kubwa ubavuni mwa kitanda: hata ukiumwa, hata usipokula, insulini usiikatishe kabla ya kumuuliza daktari. Ukimpigia simu naomba umkumbushe, wewe anakusikiliza kuliko mimi.

Anakusalimu. Anauliza unakuja lini.

Ni mimi shoga yako.