Hawakufufuka, walipewa jezi

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu 1998, mara nyingine likinifikia huku Salford, Uingereza, likiwa limefungiwa papa mkavu kutoka Mombasa, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Nilinyamaza mlipochapa ratiba ya Machi katikati ya Aprili. Nilinyamaza tangazo la kamari lilipomeza nusu ya ukurasa wa michezo. Lakini makala yenu ya mwezi jana kuhusu wachezaji wa raga ya ligi "waliofufuka kutoka kaburini" imenikwama kooni kama mwiba wa changu, na nisipoutoa leo sitalala.

Kwanza, mwandishi wenu ameuchanganya mchezo. Anaanza na ligi, katikati anatueleza habari za watu 15 uwanjani, mwisho hajulikani yuko wapi. Raga ya ligi ina watu 13. Chanzo chake ni mkutano wa 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga kwa sababu wakubwa wa mchezo walikataa wachezaji wafidiwe mshahara waliokatwa. Wengi wao walikuwa watu wa migodi ya makaa na viwanda vya nguo. Ukiacha kazi Jumamosi ukacheze, hulipwi. Tangu hapo mchezaji wa muungano, raga ile ya watu 15, aliyepokea hela ya ligi alifungiwa mlango, na ulikaa umefungwa hadi 1995. Kwa hiyo Jonathan Davies, nyota wa Wales, alipokwenda Widnes, klabu ya ligi, mwanzoni mwa 1989, hakuwa "akitafuta changamoto mpya" kama mlivyoandika. Alivuka mto akijua mtumbwi haumngoji. Muungano usingekubali malipo mwaka ule wa 1995, asingerudi Wales kuchezea klabu ya Cardiff.

Sasa Jackson Hastings, yule Mwaustralia. Mmeandika kwamba "alikuwa amekwisha, akajiamini, akafufuka." Amekwisha? Kijana wa 1996! Alipotua klabu yetu ya Salford katikati ya msimu wa 2018 alikuwa na miaka 22. Kule klabu ya Manly, Sydney, alikosana na nahodha wake Daly Cherry-Evans, akashushwa timu ya akiba, magazeti ya Australia yakamsema mpaka basi. Hilo si kaburi, huo ni ugomvi wa kazini. Mimi nakaa Eccles, si mbali na uwanja ule wa Barton ulio pembeni ya barabara kuu ya M60, ambako upepo hupita katikati ya viti kana kwamba nao umekata tiketi ya msimu. Nilikuwepo. Salford ya 2018 ilikuwa inapigania isishuke daraja, hela haina, na mashabiki tulikuwa wachache kiasi cha kujuana kwa kikohozi. Timu yenye hali hiyo haikuulizi umegombana na nani. Ilimkabidhi mpira ikamwambia panga mashambulizi. Akapanga, hawakushuka. Mwaka uliofuata akachukua tuzo ya Man of Steel, ile ya mchezaji bora wa Super League, ligi kuu ya mchezo huu huku Uingereza, na Salford ikafika fainali kuu kwa mara ya kwanza, ikafungwa na St Helens 23-6 pale Old Trafford. Nilirudi nyumbani skafu imelowa na sikuona aibu hata chembe. Msimu wa baadaye yuko klabu ya Wigan, na 2022 amerudi Australia kuchezea Wests Tigers. Mtu yuleyule, miguu ileile, na nadhani mdomo uleule. Kilichobadilika ni nani aliyempa jezi. Na neno hilo, jezi, halimo popote katika makala yenu. Kujiamini kumetajwa mara tisa. Nimehesabu kwa kalamu.

Benji Marshall ndiye mliyemzika hai. Kwenu alikuwa nyota wa 2005, akahamia muungano 2014, "akatoweka." Katoweka wapi? Katika fainali ya ligi ya Australia ya 2005, akiwa na miaka 20, alimpa mwenzake Pat Richards pasi ya nyuma ya mgongo iliyozaa trai, yaani mpira kugusishwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na Wests Tigers wakawafunga North Queensland Cowboys 30-16. Watu wanaikumbuka pasi ile hadi leo, na nadhani ndiyo iliyomtesa, maana kila aliyelipia tiketi alitaka kuiona tena. Kule Blues, Auckland, muungano haukumkubali. Hata msimu haukuisha. Akarudi ligi, akacheza Dragons, kisha Brisbane 2017, kisha Tigers tena. Mwaka 2019 New Zealand wakamwita, na mara ya mwisho walikuwa wamemtumia 2012. Mwaka 2021, miaka 36 mwilini, alikuwa akitokea benchi South Sydney walipofika fainali wakapungukiwa pointi mbili tu mbele ya Penrith, 14-12. Yule wa kupiga chenga hadi mkabaji anakaa chini alikuwa ameondoka, sikatai. Aliyebaki alikuwa mzee wa kuwaonyesha wenzake pa kusimama, na palitokea makocha wenye macho ya kumwona huyo wa pili. Na huyo Pat Richards, ambaye mwandishi wenu hakumtaja, alihamia Wigan 2006, na 2010 naye akawa Man of Steel. Makala nzima ilikuwa imelala ndani ya pasi ile moja, mwandishi wenu akairuka.

Naandika kwa hasira kwa sababu nina mpwa. Simtaji jina. Alikuwa propu, mtu wa safu ya mbele, wa raga ya watu 15, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo nyumbani, kifua kama mlango wa Lamu. Alipokuwa na miaka 25 kano ya goti ilikatika. Klabu yake, ambayo nayo siitaji, ilimpigia simu mara mbili wiki ya kwanza, baada ya hapo kimya. Upasuaji tulichangishana ukoo mzima. Miezi 14 kijana alikuwa anafunga kopo la rangi la lita nne, limejaa mchanga, kwenye kifundo cha mguu, anaunyanyua na kuushusha uani kwa dada yangu kabla jua halijawa kali. Desemba 2019 nilikuwa likizo, nikamsindikiza klabuni akaombe ruhusa ya kufanya mazoezi na wenzake, si zaidi. Tulimkuta ofisa mmoja anakula viazi karai, vidole vinang'aa mafuta. Kiti hakutupa. Alimtazama kijana goti, hakumtazama uso, kisha akanigeukia: "Mzee, gari hili lishaua injini." Nikamsimulia habari ya Hastings, nilikuwa nayo mbichi, miezi miwili tu tangu fainali. Akaniuliza kama Salford ni jina la sabuni. Halafu akafungua daftari, akapitisha kidole chake cha mafuta kwenye orodha, akamwambia mpwa wangu kwamba klabu inamdai jezi moja ya mazoezi na soksi jozi moja. Soksi! Mtu amewachezea misimu minne, goti lake limebaki kwenye nyasi zao, na wanachokumbuka juu yake ni soksi! Nililipa mimi, shilingi 1,500, na risiti ninayo hapa mezani, ina doa la mafuta pembeni. Tulipanda tuktuk, hatukuongea mpaka Kongowea. Leo mpwa wangu anapakia saruji kwenye godauni moja, na goti hilo lililouawa na ofisa wa viazi linabeba mifuko ya kilo 50 kutwa nzima. Sasa niambie wewe, Bwana Mhariri: huyu alikosa kujiamini?

Wala si raga peke yake. Fungua kurasa za kazi za gazeti lako mwenyewe. "Umri usizidi miaka 30, uzoefu usiopungua miaka 10." Yaani mtu aanze uhasibu akiwa bado anatafuta cheti? Shemeji yangu, fundi wa majokofu ya meli kwa miaka 19, alikataliwa na kijana wa mapokezi kwa maelezo kwamba kompyuta haiupokei mwaka wake wa kuzaliwa. Akaenda kibanda cha pili kujaza fomu upya, akajipunguzia miaka tisa, kompyuta ikapokea, kazi akapata. Sasa kila mwaka tunamkatia keki mbili, moja ya nyumbani na moja ya ofisini.

Na kama mlitaka mtu aliyekatiwa tamaa kweli, mngemtafuta Clive Sullivan. Mtoto mweusi wa Cardiff, alipasuliwa miguu utotoni mpaka ikawa shaka kama atatembea sawasawa. Akaja Hull 1961. Mwaka 1972, akiwa nahodha wa Uingereza, alitwaa Kombe la Dunia, na katika fainali na Australia mjini Lyon alikimbia karibu urefu wote wa uwanja kufunga trai. Kisha akahamia kwa mahasimu wa mji uleule, Hull KR, akabeba nao Kombe la Challenge, lile la mtoano la klabu za ligi, 1980. Mwadhani alitulia? Mei 1982, na miaka yake 39, alikuwa amerudi Hull na alicheza fainali ya kombe hilohilo iliyorudiwa Leeds, wakaifunga Widnes 18-9. Kipande cha barabara ya A63 ya kuingilia mjini kimepewa jina lake. Madereva wa malori wanamjua, dawati lenu la michezo halimjui. Wala hamkumtaja Lucas Onyango, aliyetoka timu ya Kenya ya wachezaji saba kila upande akaja kuvaa jezi ya Oldham katika ligi, na huyo ni wa kwetu.

Pendekezo langu ni hili. Ukurasa wa 31, kona ya chini kushoto, pale palipo na yule dada wa kamari anayeichekea simu. Kila Jumanne mng'oeni, mweke mistari 13. Kila mstari mchezaji mmoja wa hapo nyumbani aliyeachwa na klabu yake: umri, nafasi anayocheza, alichoumia, lini alipona. Sitaki hadithi, mistari inatosha, klabu yenye shida ya watu itasoma. Na mwandishi yeyote atakayeandika "amekwisha" juu ya mtu aliye chini ya miaka 35 atozwe sufuria moja ya chai ya maziwa na mahamri 20, vipelekwe kwa wapiga chapa wa zamu ya usiku. Akirudia, aletwe Barton mwezi wa Februari akae safu ya juu dakika zote 80 bila glavu. Tiketi nitamlipia, nauli ya ndege mtajua wenyewe.

Mpwa wangu mwekeni mstari wa 8. Katika muungano alivaa 1, lakini propu wa ligi huvaa 8 au 10, jambo ambalo pia mmelikosea.

Na ile picha mliyoandika chini yake "Benji Marshall" si ya Benji Marshall. Yule ni mwamuzi, filimbi inaonekana.

Msomaji wenu,
Eccles, Salford
Jina limehifadhiwa