Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikubaliana kusoma kazi za mtu mmoja, mshairi Abdilatif Abdalla, na nafurahi kwamba hatukubadili nia njiani. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nawashukuru tu mliolipa ada kwa wakati.

Wengi wetu tulimjua kwa kifungo chake. Mzaliwa huyu wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?*, akatoka 1972. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyokuja kuwa *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kiliwatoa jasho wenzetu wa bara. Nawashukuru wazee wa pwani waliokaa nao ubeti kwa ubeti.

Ila kifungo kilikuwa cha miaka mitatu, na uhamishoni ameishi miongo. Hapo naona tulikuwa tukimsoma nusu. Alikuwa mtafiti wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mtangazaji wa BBC London kuanzia 1979, na kuanzia 1995 hadi 2011 akawafundisha Kiswahili wanafunzi wa Leipzig, Ujerumani. Kazi za namna hii hazikaririwi jukwaani, lakini ndizo zinazoilea lugha.

Kikao kilichonigusa zaidi kilikuwa cha *Wema Hawajazaliwa*, tafsiri yake ya riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah. Karani wa reli anakataa hongo, anarudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe anamfananisha na ndege anayechukia kinyesi huku akila funza wake. Tulibishana mpaka usiku kama mke ana haki. Riwaya hiyo ilitoka 1968, mwaka ule ule wa waraka wa Abdilatif, na swali ni lile lile: uhuru umetufikisha wapi? Sishangai kwamba aliichagua.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tuendelee na tafsiri za Kiafrika, na tuanze kukusanya sauti za matangazo ya Kiswahili ya miaka ya themanini. Mwenye kanda nyumbani amwone katibu kabla hatujatawanyika leo.