Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: mwongozo wa udahili uanzie darasa la saba

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Ndugu Katibu Mtendaji,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Mafinga, ninakofundisha darasa la jioni la watu wanaojiandaa na mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia mlango wa kidato cha nne mtu asiyemaliza sekondari, na ambao kila mtu huku anauita QT, pamoja na wanaofanya au kurisiti kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wanafunzi wangu ni vibarua wa msitu wa Sao Hill, wachuma chai, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda na akina mama wanaokuja na watoto mgongoni. Wapo pia wachache waliosomeshwa nyumbani na wazazi wao. Wote huishia kuniuliza jambo lile lile: Mwalimu, hivi kwa njia hii mtu anafika chuo kikuu kweli?

Anafika, na kanuni zenu ndizo zinazosema hivyo. Kwa hiyo sikuandikii kuomba masharti yalegezwe. Naomba kitu kimoja tu: katika mwongozo wa udahili mnaoutoa kila mwaka, wekeni sura moja ya Kiswahili kwa ajili ya mtu aliyesoma nje ya shule, na sura hiyo ianzie pale alipo yeye. Wengi wao waliishia darasa la saba, au kidato cha pili walichokiacha njiani.

Mwongozo wa sasa unaanza na mwisho wa safari. Unasema mwombaji wa kidato cha sita awe na principal mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, kwa hiyo D mbili zinamtosha kuanzia, kisha kila programu inaongeza masharti yake. Mwenye stashahada awe na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Mtoto aliye shuleni maneno hayo yanamtosha, maana kazi ya kuchagua imeshafanywa na wengine. Shule imempangia masomo, mwalimu wa taaluma amemwambia ukiacha Fizikia utafunga mlango fulani, na tahasusi yake imekwisha kupangwa. Mtu wangu hana mwalimu wa taaluma. Anachagua masomo yake mwenyewe, usiku, akiwa amechoka, na anachagua yale anayoweza kuyasoma peke yake bila maabara wala mwalimu.

Nikupe mfano wa kijana mmoja wa kiwanda cha mbao. Alifaulu QT, akasajiliwa kidato cha nne, akachukua Kiswahili, Uraia, Historia, Maarifa ya Biblia na mengine aliyojua wazi kuwa yatamshinda. Matokeo yakatoka ana D nne, na mtaani kwao palifanyika sherehe ya maana. Alipokwenda kuombea cheti cha misitu, maana ndiyo kazi anayoijua, akaambiwa sharti ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Anayo matatu. Na kozi yenyewe ilitaka pia somo la sayansi. Akarudi darasani kwangu kuanza Baiolojia akiwa mtu mzima mwenye watoto. Sharti hilo la masomo yasiyo ya dini silipingi, lina sababu zake, na kwa Elimu ya Dini ya Kiislamu ni hivyo hivyo. Lakini sentensi moja tu, aliyopaswa kuisoma siku anayojisajili, ingemwokolea mwaka mzima.

Utasema hayo ni ya ngazi ya cheti, si ya chuo kikuu. Ndiyo, ila kwa watu hawa chuo kikuu hufikiwa kwa kupitia huko huko: cheti, stashahada, ndipo shahada. Na yale masomo manne ya kidato cha nne mnayaulizia tena hata baada ya stashahada.

Ukitaka kujua mshauri wa udahili hapa Mafinga ni nani, ni kijana wa steshenari. Dirisha la maombi ya chuo linapofunguliwa mwezi Julai baada ya matokeo ya kidato cha sita, watu wanapanga foleni kwake kwa sababu ana kompyuta, bando na moyo wa kusaidia. Anajaza fomu, anatoa namba ya malipo, na anajibu maswali ambayo hakuna aliyemfundisha kuyajibu. Mama mmoja aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2015 alikwenda kwake na D mbili. Kijana akaangalia sharti la siku hizi, D mbili, akamwambia sifa unazo. Tatizo ni kwamba mwaka 2014 na 2015 alama zilikuwa za mtindo mwingine. Ilikuwapo B+, C ilikuwa pointi 2 na D pointi 1, hivyo waliomaliza miaka hiyo wanahitaji C mbili kufikisha 4.0. Mwongozo wenu unaeleza hilo, na unaeleza vizuri, kwa Kiingereza, kwenye jedwali. Mama alilipa ada za maombi vyuo vitatu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Wengi wa wanafunzi wangu waliangushwa na Kiingereza. Ndicho kilichowatoa shuleni. Kuwaeleza kwa Kiingereza namna ya kurudi ni mzaha ambao nadhani hakuna aliyeukusudia.

Sasa niseme kuhusu waliosomeshwa nyumbani, maana wanazidi kuonekana na hakuna anayewaandikia chochote. Sheria ya Elimu inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi, na wazazi ninaowazungumzia waliitii. Watoto wao walifika darasa la saba. Kilichowarudisha nyumbani ni sekondari. Ninaye binti mwenye selimundu. Unaijua baridi ya Mufindi mwezi wa Juni na Julai, Ndugu Katibu Mtendaji. Baridi hiyo kwa mgonjwa wa selimundu ni maumivu ya mifupa na kitanda cha hospitali. Bweni lenye madirisha yasiyofunga na maji ya kuoga ya alfajiri lilimlaza mara kwa mara, hadi mama yake, ambaye ni muuguzi, akaamua kumfundisha nyumbani. Amemfundisha vizuri kuliko mimi ninavyoweza kufundisha watu arobaini kwenye chumba cha kuazima. Mama huyo ametunza faili nene: mazoezi, majaribio ya kila mwezi, ripoti alizoziandika kwa mkono wake na kuzitia sahihi. Aliamini siku moja chuo kikuu kitaliomba faili lile.

Hakitaliomba. Mfumo wa udahili unatambua namba ya mtihani, na namba hiyo hutoka NECTA, Baraza la Mitihani. Aliyefanyia mtihani shuleni namba ya kituo chake inaanza na S, wa kujitegemea inaanza na P, na zote mbili zinaingia kwenye maombi ya chuo kwa haki sawa. Nimeshawaambia hivyo wazazi wengi na bado wananitazama kwa mashaka, kwamba huenda P ni alama ya daraja la pili. Laiti ingeandikwa na TCU ningepumzika kubishana.

Binti huyu anataka udaktari. Sharti lake analijua kwa moyo: Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote zisipungue D. Kichwa anacho. Asichokuwa nacho ni maabara. Mtihani wa vitendo ataukuta kituoni siku ile ile, akishika bureti kwa mara ya kwanza au ya pili maishani. Wala hana alama za maendeleo za kumbeba kama wenzake wa shuleni. Alichoandika kwenye chumba cha mtihani ndicho hicho hicho. Najua jambo la maabara si la ofisi yako, ni la NECTA, Wizara na wakuu wa shule. Na hicho ndicho kisa chenyewe. QT na kidato cha nne ni NECTA, masomo kwa njia mbadala ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, cheti na stashahada ni NACTVET, shahada ni ninyi, mkopo ni HESLB. Kila ofisi inajibu kipande chake kwa usahihi, na mtu anatembea na vipande mkononi kama fundi aliyepewa vipuri bila kuonyeshwa gari. TCU ndiyo iliyoko mwisho wa njia, kwa hiyo ndiyo inayoiona njia yote. Ndiyo maana nimeandika kwako na si kwao.

Kuna na familia chache za Iringa mjini na Mbeya zinazofundisha nyumbani kwa mitaala ya nje, watoto wakafanya mitihani ya Cambridge. Hawa shida yao ni fupi: vyeti vyao lazima vipitie NECTA kupata ulinganifu kabla ya kuomba chuo, na wengi hulijua hilo dirisha likiwa tayari limefunguliwa. Mstari mmoja unawatosha.

Halafu uvumi. Hapa mjini kuna imani kwamba Chuo Kikuu Huria kinamchukua mtu yeyote mwenye cheti cha kidato cha nne, anasoma programu ya msingi mwaka mmoja, anaingia shahada. Mwongozo wenu unasema vingine: pamoja na GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya msingi na C tatu katika fani yake, anatakiwa awe pia na angalau pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada ya GPA 2.0, au cheti cha ufundi cha ngazi ya 5 (NTA). Ni njia nzuri kwa aliyekwama katikati. Kwa mwenye kidato cha nne peke yake, bado haijafunguka. Ipo pia njia ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambayo ingemfaa hasa mtu aliyefanya kazi miaka mingi, lakini hapa Mafinga sijakutana na mtu aliyeisikia mahali pengine zaidi ya darasani kwangu.

Kuhusu mkopo, nakuomba muwe wakweli mapema. Masharti ya HESLB yanataka mwombaji asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Piga hesabu ya mtu anayeanza QT akiwa na miaka 30. Ajiandae, afaulu, afanye kidato cha nne, aende cheti kisha stashahada. Akifika mlangoni kwenu ana 36 au 37, ikiwa hakuna hata mtihani mmoja alioufeli. Mtu huyo asome tu, simkatazi, lakini ajue tangu mwanzo kwamba atajilipia, ili ile ekari ya miti aliyoipanda asiiuze kwa harusi ya shemeji.

Kwa nini sasa? Kwa sababu tangu Novemba 2021 Serikali iliporuhusu waliokatiza masomo kurudi, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, madarasa kama langu yamejaa. Wengine wamerudi shuleni, ila mwenye mtoto anayenyonya huona jioni ndiyo saa yake. Na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi. Wanafunzi wangu wananiuliza huo wa amali unaingiaje kwa mtu asiye na karakana, na aliyeanza kujisomea vitabu vya zamani atafanya mtihani upi. Maswali hayo yanahitaji jibu lenye muhuri.

Sura ninayoiomba haihitaji kuwa ndefu. Kurasa nne zinatosha. Ianze na "Uliishia wapi?", imwongoze mtu kutoka hapo hatua kwa hatua, imwambie kila hatua ni ya ofisi gani, masomo yapi akiyaacha anafunga milango ipi, na itaje umri. Mkishaiandika, msiiache kwenye tovuti peke yake. Maonyesho yenu ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja ni mazuri, lakini yapo Dar es Salaam. Watu wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa hukutana Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na vyuo vya huku huwa na mabanda pale. Mpeni nakala kila afisa elimu kata, na yule kijana wa steshenari naye mpeni.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na masomo huchaguliwa siku hiyo. Kwa hiyo sura hiyo ikitoka Julai pamoja na mwongozo, wa mwaka huo watakuwa wameshachagua. Naomba itoke kabla ya Krismasi, hata kama ni karatasi peke yake.

Rasimu ikiwa tayari, ileteni Mafinga mwijaribu. Darasa langu huanza saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Wataisoma kwa sauti, na watakapokwama mtajua ni wapi pa kuandika upya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa darasa la jioni,
Mafinga, Mufindi.

Nakala: NECTA, NACTVET, HESLB, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.