Waokoaji wa kujitolea na wavuvi wasisubiri maafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niikumbushe serikali ya jimbo la New South Wales, Australia, kwamba hasara ya mafuriko haiishi maji yanapopungua. Tarehe 28 Februari 2022, Mto Wilsons ulipofikia kimo cha mita 14.4 mjini Lismore, kikosi cha dharura cha jimbo, ambacho wengi wa watu wake hujitolea bila mshahara, kilizidiwa, hata raia wakaingia na boti zao ndogo za alumini kuwaokoa majirani waliokwama juu ya mapaa. Sifa walizopewa ni za haki, lakini hazinunui mafuta ya boti wala hazifidii siku za kazi zilizopotea.

Kisha maji yale yale, yaliyojaa majani yaliyooza mabondeni, yalimaliza oksijeni katika Mto Richmond, ambamo Mto Wilsons humwaga maji yake, na samaki wakafa kwa wingi. Mvuvi wa mlango wa mto hawezi kuhamia kwingine apendavyo, kwani kibali chake ni cha eneo maalumu. Napendekeza fungu la makundi haya mawili liwekwe katika bajeti ya kila mwaka, badala ya kutafutwa baada ya maafa kutangazwa.

Wako,
Msomaji