Kwa nini chakula cha mtoto tunachokuletea hakiji na juisi

Swali tunaloulizwa kuliko yote kwenye WhatsApp ni la juisi. Mzazi analipia chakula cha mchana cha mwanawe, hotpoti inafika shuleni na ugali, dagaa, mboga za majani na kipande cha papai, lakini kwenye chupa mna maji tu. "Kwa bei hii hata juisi hamuweki?" Ni swali la haki, ila jibu lake haliingii kwenye meseji moja.

Mtoto akila, wanga huvunjwa na kuwa sukari, kisha sukari huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, nayo insulini huiwezesha sukari hiyo kuingia kwenye misuli na kutumika. Chakula kikiwa na nyuzinyuzi na protini, sukari hupanda pole pole na kushuka pole pole. Soda na juisi hazitafunwi wala hazikai tumboni muda mrefu, kwa hiyo sukari yake hufika kwa kishindo. Tena nusu ya sukari tunayoweka kwenye chai ni fruktosi, ambayo kazi yake kubwa huishia kwenye ini. Ikizidi kila siku, ini huigeuza kuwa mafuta: mengine hubaki humo humo, mengine hutupwa kwenye damu. Miaka ikienda hivyo, mwili huanza kutoisikia insulini na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Presha, mafuta ya damu na sukari huanza kupanda pamoja, na muda wote huo mtoto anacheza mpira kama kawaida, haumwi popote.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu (kalori) anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anayehitaji kama kalori 1,500 kwa siku, asilimia 10 yake ni gramu 37 hivi za sukari. Soda ya kola ya mililita 350 ina karibu gramu hizo hizo, kama vijiko 9 vya chai. Akiinywa hiyo moja, kiwango chake cha siku kimekwisha, na bado hajagusa uji wa asubuhi, biskuti za mapumziko wala ile barafu ya mia mia ya nje ya geti.

"Lakini juisi yetu ni ya matunda halisi." Tunaamini kabisa. Ila machungwa manne yakishakamuliwa, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio na sukari yote imeingia kwenye glasi. Mtoto hawezi kukaa akala machungwa manne kwa mpigo, lakini glasi ataimaliza kabla hujakaa. Ndiyo maana tunaweka tunda lenyewe. Msimu wa embe mnajua wenyewe zinavyojaa Mwanza. Tunaikata, tunaiweka na nyama yake yote.

Jambo linalotusumbua zaidi ya juisi ni kupima afya ya mtoto kwa macho. Huku kwetu mtoto mnene "amenawiri", na mwembamba anahurumiwa. Ukweli ni kwamba mwembamba anayeishi kwa chipsi na soda anaweza kuwa na ini lenye mafuta, na mwenye mwili mkubwa anayekula vizuri na kukimbiakimbia anaweza kuwa na vipimo safi. Historia ya mtoto nayo ina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Aliyekosa lishe akiwa tumboni au mchanga, kisha akalipwa kwa sukari na mafuta ya kukaangia, yumo hatarini zaidi ya mwingine. Kwa hiyo "huyu alikuwa dhaifu, acha ale chochote anachotaka" ni huruma inayomuumiza.

Kuna alama moja inayoonekana kwa macho na wengi wanaipita. Angalia nyuma ya shingo ya mtoto na kwenye makwapa. Ukiona ngozi imekuwa nyeusi kuliko mahali pengine, nene kidogo na laini kama mahameli, usimsugue kwa dodoki kila jioni ukidhani ni uchafu. Hautoki, kwa sababu si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini imezidi kwenye damu, na mtoto huyo apelekwe hospitali akapimwe. Kipimo kingine unaweza kukifanya nyumbani kwa mtoto wa kuanzia miaka mitano: chukua kamba ya urefu wake kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati ibaki nusu, mzungushie kiunoni. Isipofika kuzunguka, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hapo kuna sababu ya kuongea na daktari.

Ukifika hospitali na mtoto wako ana selimundu (sikoseli), mwambie daktari mapema. Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye ugonjwa huo, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu kinaweza kutoa majibu ya uongo kwao. Na tusichanganye mambo: kisukari cha aina ya kwanza, ambacho watoto wengi wenye kisukari ndicho walicho nacho, hakiletwi na kula pipi, na mzazi wake asilaumiwe. Mtoto akianza kuwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi jikoni. Dagaa tunanunua wa chanja, si wa kuanikwa mchangani. Tofauti utaisikia menoni. Tunatoa vichwa, tunaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, tunawakaushia kwenye sufuria bila mafuta mpaka waanze kulia, ndipo nyanya, kitunguu na karanga ya kusaga vifuate. Mtoto anamla dagaa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo anapata protini na madini ya kalisi kwa fedha kidogo kuliko minofu ya sangara. Ugali ni wa dona, siku nyingine tunachanganya na mtama. Tunakiri kwamba watoto wengi wa mjini hugoma wakiuona ugali mweusi, kwa hiyo mteja mpya tunamwanzia na dona na kuongeza mtama taratibu. Saa nne wanapata michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) ya kuchemsha na karanga badala ya maandazi. Bibi zetu wa Kisukuma walikuwa na jibu la vitafunwa zamani, sisi tunapakia tu.

Uji wa lishe tunauza, bila sukari. Neno "lishe" kwenye mfuko halina maana kama nyumbani uji huo utatiwa vijiko vitano vya sukari. Ukishindwa kabisa, ponda ndizi mbivu ndani yake.

Hatuuzi dawa na hatuahidi kumpunguza mtoto mwili. Mtoto anayekua hapunguzwi kwa kunyimwa chakula, na mzazi anayetaka sahani ndogo kwa ajili hiyo tunamwelekeza kwa mtaalamu wa lishe. Mwenye mzio wa karanga au samaki atuambie kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu karanga tunaitumia karibu kila siku. Oda za kesho tunapokea mpaka saa mbili usiku. Tunapeleka shule za Nyakato, Buzuruga, Igoma na Mabatini. Anayetaka kumwekea mwanawe juisi kwenye begi hatumzuii, ila siku hiyo tunaomba tunda tuliloweka liliwe kwanza.