Baraka ya roboti ni ya nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanisumbua tangu Jumapili.

Baada ya ibada vijana wetu walikuwa wanaoneshana kwenye simu ile roboti ya Wittenberg kule Ujerumani, inaitwa BlessU-2, iliwekwa pale mwaka 2017 Walutheri walipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther. Unagusa skrini kifuani kwake unachagua lugha, unachagua sauti ya kiume au ya kike, basi inainua mikono, viganja vinawaka taa, inakubariki na mstari wa Biblia na ukitaka inakuprintia. Kanisa la Hesse na Nassau lililoiweka lilisema linataka watu wajadili, haya na sisi tujadili, sio kucheka na kuforwadi tu.

Kijana mmoja akaniambia mama, Mungu alisema kupitia punda wa Balaamu, atashindwaje kusema kupitia mashine? Nilikosa jibu. Nimefika nyumbani nikafungua Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 22, nikasoma upya taratibu. Yule punda alimwona malaika kabla ya bwana wake, akakwepa, akapigwa mara tatu, na alipofunguliwa kinywa neno la kwanza lilikuwa kulalamika, anauliza nimekukosea nini. Alikuwa ameumia! Mimi tofauti naiona hapo, sio kwamba Mungu hawezi, Mungu anaweza hata mawe, ila hiyo mashine haijawahi kuogopa wala kuumwa, ikikwambia Bwana akulinde yenyewe haina cha kulindwa. Sasa hapo nani kanibariki, yule fundi aliyeandika programu?

Naomba wachungaji walifundishe hili kwenye kipaimara, watoto wanauliza na wana haki ya kujibiwa, wasiambiwe tu ni mambo ya shetani.

Mama yangu alipolazwa, mchungaji mmoja mstaafu alikuja wodini kumwekea mikono. Mikono yenyewe inatetemeka, ile baraka ya Haruni akaisahau katikati, akanyamaza, mama ndo akamalizia kwa sauti ndogo, "na kukupa amani", wakacheka wote wawili. Kesho yake mzee akarudi bila kuitwa, kabeba uji kwenye chupa ya chai.

Mama wa usharika, Moshi