Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kumbukumbu za Matengenezo

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wenye nyumba na wapangaji, na asanteni kwa kufika. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyochukua nguvu kubwa ya kamati mwaka huu: kupanga upya kumbukumbu za matengenezo ya makazi yetu hapa Njiro, Arusha.

Mnakumbuka pampu ya kisima ilivyoungua wakati wa kiangazi. Fundi aliuliza maswali ya kawaida kabisa: imezamishwa mita ngapi, mota ina nguvu gani, ilifungwa lini. Hakupata jibu. Aliyeifunga alishahama Arusha, na vocha yetu iliandikwa tu “malipo ya fundi pampu”. Ikabidi bomba lote livutwe juu ndipo tujue pampu ya kuagiza, na siku zote hizo kila nyumba inanunua maji ya boza. Fedha ilikuwepo, fundi alikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi moja.

Mafaili yetu yalikuwa yamepangwa kwa mwezi wa malipo. Mpangilio huo unamfaa mkaguzi wa hesabu, ila fundi aliyesimama kisimani saa mbili usiku haumsaidii kitu. Sasa kila kifaa kina ukurasa wake kwenye daftari: pampu, matenki, chemba za maji taka, taa za barabarani, injini ya geti. Humo tunaandika tarehe, kazi iliyofanyika, kifaa kilichobadilishwa, jina la fundi na mwisho wa dhamana. Vocha zinabaki kwa mweka hazina, na namba ya vocha inaandikwa kwenye ukurasa husika.

Risiti za EFD, yaani za mashine za kodi za madukani, zimetusumbua sana. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na ikikaa juani au kwenye droo yenye joto maandishi hufifia. Tumekuta risiti nyeupe kabisa za vifaa ambavyo bado vina dhamana. Kuanzia sasa risiti inatolewa kopi siku ileile iliponunuliwa bidhaa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni picha za mitaro. Bomba likishafukiwa, hakuna anayekumbuka linapita wapi. Kwa hiyo kabla udongo haujarudishwa, katibu anapiga picha futikamba ikiwa imetandazwa kutoka kona ya ukuta wa jirani hadi kwenye bomba. Anayetaka kuchimba msingi wa banda au kupanda mti aanze kwa katibu.

Upande wa maji, tumeweka pamoja ripoti ya uchimbaji wa kisima, kibali cha kutumia maji cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na vyeti vya vipimo vya maabara kwa mfuatano wa tarehe. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, kwenye maji ya ardhini, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wenye watoto ambao meno yao bado yanaota, nawasihi msome vyeti hivyo wenyewe, msisubiri kuambiwa.

Vizima moto vimekaguliwa na tarehe zimeandikwa. Mifereji ilizibuliwa kabla ya masika.

Wapo waliohoji kwa nini namba za simu za wakazi hazimo kwenye daftari linaloshikwa na mlinzi. Hoja yao ina uzito, kwa sababu wakati wa dharura namba inahitajika. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu, na daftari la getini husomwa na kila apitaye. Namba zitakaa kwa katibu, na mlinzi atakuwa na namba za wanakamati tu.

Naomba mkutano huu uridhie mambo mawili. La kwanza, fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla ukurasa wa kazi yake haujajazwa na kusainiwa na mwanakamati aliyeikagua. La pili, nakala ya daftari lote ihifadhiwe kwenye kompyuta na ikabidhiwe rasmi kila uongozi unapobadilika.

Daftari liko mezani kwa katibu. Ramani ya mabomba bado ina mapengo upande wa nyumba za mwanzo. Wazee mliojenga huku kabla yetu, tafadhali pitieni pale mtuonyeshe bomba la zamani linapopita.

Mwenyekiti wa Kamati